Joho la Kumi na Tano

Kila joho la ubatizo lililowahi kuvaliwa katika kanisa lile lilikuwa na vijiwe sita pindoni. Vijiwe vya mtoni, laini, vidogo kama maharagwe, kila kimoja ndani ya kifuko chake kilichoshonwa kwa mkono, ili mtu akizamishwa joho lizame pamoja naye, lisipande juu kama mwavuli na kumwacha mama wa watu mapaja nje mbele ya wakwe zake. Aliyevishona vijiwe hivyo kwa miaka hamsini ni mwanamke mmoja tu, na kwa sababu hiyo watu walimwita Mama Majoho, mpaka jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho na kwenye daftari la washirika.

Ukiwauliza leo washirika wa kanisa lile kwa nini joho lina uzito chini, watakutazama kama umewauliza idadi ya nyota. Waliyakuta majoho yananing'inia kabatini, wakayavaa, wakayavua, wakaenda zao kupiga picha.

Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya mimbari: dirisha moja, cherehani ya kukanyaga, pasi ya mkaa aliyokataa kuitupa, na kabati refu lililotengenezwa na shemeji yake, seremala, enzi walipokuwa bado wanasalimiana. Jumanne moja alikuwa anarudishia kijiwe kilichotoboa kifuko chake, mchungaji akaingia. Alikuwa kijana mwenye adabu na haraka nyingi, simu mkono huu, karatasi mkono huu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Kaa. Hicho kiti kizima, usikiogope."

Hakukaa. Alimpa kijitabu cha kurasa nane, cha rangi, kinachonukia wino mpya. Historia ya kanisa letu, alisema, kwa ajili ya sherehe ya miaka hamsini Jumapili ijayo. Kwenye jalada ilikuwa picha ya Mama Majoho mwenyewe, na chini yake maneno: Mwasisi Pekee Aliye Hai.

"Hii picha nilipigwa lini?"

"Kwenye ile harusi, Bibi, ulipokuwa unakula."

"Ndiyo maana shavu moja limevimba."

Mchungaji alicheka, akaeleza shida yake. Jumapili angempa Bibi dakika tatu jukwaani, asimulie ubatizo wa kwanza wa kanisa, kule mtoni. Aseme alivyoingia majini na alivyojisikia alipotoka. Vijana wanahitaji kusikia mambo kama hayo.

"Dakika tatu," alisema Mama Majoho.

"Nne, kwa sababu ni wewe. Na majoho, Bibi, sasa upumzike. Ubatizo wa mwezi huu tunaufanya kwenye bwawa la hoteli. Vijana watavaa fulana."

"Fulana."

"Zina maandishi mgongoni."

"Yanasemaje?"

"Nimeoshwa."

"Kama gari," alisema Mama Majoho.

Alipoondoka, mwanamke yule alivaa miwani akafungua ukurasa wa pili. Yalikuwepo majina ya waasisi, kumi na manne. Alisoma jina la marehemu mumewe, karani wa kanisa. Alisoma jina lake. Kisha akayasoma tena, sindano mdomoni, kwa sababu hesabu ile ilikuwa sahihi na majina yalikuwa ya uongo. Ni kweli watu kumi na wanne walizamishwa siku ile. Lakini mmoja wa waliozamishwa hakuwemo kitabuni, na mmoja aliyekuwemo kitabuni hakuzamishwa kamwe. Aliyekosekana ni shemeji yake, seremala, ambaye alikuwa hai, mitaa miwili tu kutoka pale, akiranda mbao. Asiyezamishwa ni yeye.

Kwa Wabaptisti wa zamani jambo hili halikuwa dogo, na inabidi lielezwe, maana waliolijua wengi wamelala. Mtu hakuwa mshirika kwa kuzaliwa wala kwa kuhudhuria. Alisimama mbele ya kanisa, akasimulia kwa kinywa chake jinsi alivyookoka, akaulizwa maswali, tena magumu, washirika wakapiga kura ya mikono, ndipo akazamishwa mwili mzima mbele ya macho ya watu. Bila maji, hakuna Meza ya Bwana. Bila maji, hakuna kura. Na mshirika hakutolewa ila kwa njia ile ile aliyoingilia: kwa mikono ya wenzake.

Siku ile ya mtoni yeye alikuwa bibi harusi wa miezi minne, mwenye miaka ishirini na mitatu. Walikuwa watu kumi na watano. Walikuwa wamekwisha kupigiwa kura, na majoho kumi na matano alikuwa ameyashona yeye. Mbatizaji alikuwa mzee mgeni aliyetoka mbali, asiyemjua mtu kwa sura. Wa kwanza kuingia majini alikuwa mama mmoja mnene, na joho lake lilijaa hewa likapanda mpaka mabegani. Watu wa ng'ambo ya pili waliokuja kutazama walicheka mpaka wakakaa chini.

Mama Majoho aliona aibu kama aliyevuliwa nguo ni yeye. Akatoa sindano kwenye kilemba chake, akaokota vijiwe, akaanza kushona pindo za waliobaki, mmoja mmoja, palepale ukingoni. Alipomaliza pindo la mtu alimsindikiza mpaka maji yalipomfika kiunoni, akilishikilia joho lisipande, kisha akarudi kwa mwingine. Alikwenda na kurudi hivyo mara kumi na tatu. Joho lake mwenyewe lilibaki la mwisho, na lilikuwa bado halina vijiwe.

Alipokaa kulishona, maji ya mto yakabadilika rangi. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu. Mzee mgeni alivutwa nje kwa mikono, wakapanda ukingo wakikimbia, wakaomba wakiwa wamelowa, wakaimba. Kila aliyemtazama Mama Majoho alimwona amelowa kama wengine. Hakuna aliyeuliza.

Mumewe alijua. Yeye ndiye aliyekuwa ameandika majina kumi na matano tangu jana yake, kwa wino, kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya.

"Tufanyeje?" alimuuliza mumewe walipofika nyumbani.

"Mzee akirudi mwakani atakubatiza. Siwezi kukata jina ukurasa wa kwanza. Litaonekana daftari la wahuni."

Mzee yule hakurudi, alifia kwao. Mwaka ukapita, ikawa miwili. Kanisa likajengwa, seremala akatengeneza mabenchi na mlango, na sakafu ya jukwaa inayofunguka, chini yake kisima cha ubatizo. Wakaja wabatizaji wengine, na kila mara Mama Majoho alisimama pembeni ya kisima ameshika taulo, akiwapokea watu waliotoka majini alikotakiwa kutoka yeye. Angesema nini sasa? Kwamba amekula Meza ya Bwana miaka mitatu kwa kudanganya? Ikawa mitano. Ikawa kumi. Aibu nayo ina ukuaji wake. Ukiiacha, siku moja unaikuta imekuzidi kimo.

Labda angezikwa nayo, kama si ile kura.

Mwaka wa ishirini wa kanisa, seremala alipata kazi ya kutengeneza kaunta na viti vya baa. Agano la Kanisa, lililoning'inia ukutani kwenye fremu aliyoitengeneza yeye mwenyewe, lilikataza pombe kuiuza, kuinywa na kuisaidia. Aliitwa mbele ya mkutano wa washirika. "Mimi nimetengeneza viti," alisema, "sikutengeneza ulevi. Mlevi akikosa kiti hukaa chini, na ulevi wake uleule." Nusu ya kanisa walicheka, nusu wakanuna. Walibishana tangu baada ya ibada mpaka alasiri, na hakuna aliyetoka kwenda kula, maana siku zile watu waliona jambo la kanisa ni jambo lao.

Mumewe ndiye aliyehesabu mikono. Waliotaka atengwe, arobaini. Waliokataa, arobaini. Kwa kanuni zao, kura zikilingana hoja inaanguka. Lakini karani alipotupa jicho kwenye benchi la nyuma alimwona mkewe, mikono mapajani.

"Kuna mshirika hajapiga kura," alisema.

Hakuwa na chuki na mdogo wake. Alikuwa mtu wa wino. Aliogopa isije ikasemwa karani alifumba jicho kwa sababu ya damu. Alimtazama mkewe, na kanisa zima likamtazama. Mama Majoho angeweza kusema pale pale: mimi si mshirika, mikono yangu haihesabiwi. Aliinua mkono. Arobaini na mmoja. Jioni ile mumewe alichukua rula na kalamu, akamkata mdogo wake kwenye ukurasa wa kwanza, ukurasa ule ule aliokuwa ameuonea huruma miaka ishirini nyuma.

Seremala hakugeuka nyuma. Hakwenda kanisa lingine lolote. Miaka minane baadaye mkewe alifariki. Naye alikuwa ameacha kuja kwa kumfuata mumewe, hivyo kwaya haikwenda kuimba na mchungaji wa wakati huo hakwenda kuomba. Watu wale walikuwa wagumu, haifai kuwapamba. Ila walijua wanakazia nini. Waliowarithi ni laini kwa kila kitu, kwa sababu hawashiki kitu.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwa Mama Majoho Jumanne ile, na kijitabu mapajani. Jumapili angesimama na kusimulia alivyotoka majini, au angesema ukweli.

Alianza kwa binti yake, aliyeishi naye. Binti alikuwa anapiga pasi sare yake ya kwaya. Alisikiliza mpaka mwisho, akaitua pasi.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu."

"Basi ibaki hapa hapa, mama. Unataka kumfufua baba aje aaibike?"

"Baba yako alikuwa mtu mzuri. Aliogopa kuchafua karatasi."

"Na wewe unataka kumchafua yeye. Mama, umewashonea wote. Umewaosha wote. Mungu hana akili ya kuona hilo?"

"Mungu anaona. Mimi nasemea kanisa."

"Kanisa lipi?" alisema binti, na hakusema kwa kejeli. Aliichukua pasi akaendelea.

Alhamisi akaenda kwa mchungaji, ofisini, penye kompyuta na maboksi ya fulana. Alisema yote bila kuketi, na mchungaji, kwa heshima yake, aliiweka simu kifudifudi. Mwisho wake akashusha pumzi, akatabasamu kama mtu aliyedhani ameletewa msiba akakuta ni habari ya shati lililounguzwa na pasi.

"Bibi yangu, umenitisha bure. Hilo ni dogo. Jumamosi njoo na vijana kule bwawani. Maji yao ni ya uvuguvugu. Nakuzamisha dakika moja, imekwisha."

"Nani amenipigia kura?"

"Kura ya nini?"

"Ya kunipokea. Nisimame, niulizwe. Halafu kuna ya seremala. Kura yangu haikuwa kura. Hakutengwa yule."

"Mkutano wa washirika hatujafanya miaka sita, Bibi. Tuna kamati." Alikitazama kijitabu mezani. "Na hivi vimeshachapwa mia tano. Jumapili simulia tu yale uliyoyaona pale mtoni. Hayo si uongo. Uliyaona, si ndiyo?"

Mama Majoho alitoa bahasha kwenye mkoba wake akaiweka juu ya kijitabu. Ilikuwa barua ya mistari minne, ya kuomba kanisa limsikilize, limpigie kura, na likimkubali, limbatize. Aliiandika kama mumewe alivyokuwa akiwafundisha waombaji kuandika, pembeni kumeachwa nafasi ya karani kutia tarehe. Kanisa lilikuwa halina karani tena.

Kutoka pale hakurudi nyumbani. Alikwenda mitaa miwili, mpaka karakana ya seremala.

Mzee alikuwa anarekebisha mguu wa dawati la shule. Vumbi la mbao lilimkaa kwenye nyusi. Alimtambua alipoziba mwanga mlangoni, akaendelea kupiga nyundo mpaka msumari ulipozama.

"Hodi, shemeji."

"Umeshaingia."

"Nimekuja na jambo."

"Kama ni kabati, bawaba zake nilikwambia utie mafuta kila mwaka."

"Natia."

"Basi sema."

Alisema. Alianza na mto, akaenda mpaka kwenye mkono aliouinua, akaomba msamaha. Seremala alisikiliza amelishika dawati kwa mikono miwili. Akauliza jambo moja.

"Vijiwe vya joho langu ulivitia wewe?"

"Mimi. Ulikuwa wa kumi na tatu."

"Halafu akafuata yule mzee wa miwani."

"Wa kumi na nne."

"Na wewe hukufuata." Alitikisa kichwa polepole. "Nilikuona umelowa nikadhani." Midomo yake ikaenda kama ya mtu anayehesabu vipimo vya ubao. "Arobaini kwa arobaini. Hoja imeanguka."

"Imeanguka."

"Kwa hiyo sikutoka."

"Hukutoka, shemeji. Hata siku moja."

Alikaa juu ya dawati, likalia. Kwenye rafu nyuma yake, kati ya kopo la gundi na kopo la misumari, kilikuwepo kitabu cha nyimbo, jalada lake limebandikwa kitambaa cha turubai.

"Mke wangu alizikwa bila wimbo," alisema. "Niliimba mwenyewe. Sauti ilinikatika kwenye ubeti wa pili, na hakukuwa na mtu wa kunipokea. Ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nilikuwa nimeshavaa. Kaka yako akasema tusiende."

"Ukavua."

"Nikavua."

Mama Majoho hakuomba msamaha tena, maana alikwisha kuuomba na haukupokewa, na neno likirudiwa sana linapungua.

"Sijakusamehe," alisema seremala. "Usije ukaenda kusema nimekusamehe."

"Sitasema."

"Nenda, shemeji. Mguu mmoja tu wa dawati hili umebaki, nataka niupatanishe na wenzake."

Jumapili kanisa lilijaa. Mabenchi ya seremala yalikuwa yameondolewa siku nyingi, na viti vya plastiki vilipangwa kwa rangi. Juu ya sakafu inayofunguka zilikaa ngoma na spika, hata hakuna aliyekumbuka kwamba chini yake kuna kisima. Agano la ukutani lilikuwa limetolewa kupisha skrini.

Seremala aliingia wimbo wa pili ukiendelea, na koti lililomkalia kubwa na kitabu chake kwapani. Binti wa mapokezi alimpa kadi.

"Karibu sana mzee, mgeni wetu. Andika jina na namba ya simu."

"Mimi si mgeni. Huo mlango ulioegemea niliutengeneza mimi."

"Amina, mzee," alisema binti, akampa na kalamu.

Viti vilivyobaki vilikuwa mstari wa mbele, uliotengwa kwa ajili ya familia ya Mama Majoho. Binti yake alikuwa na kwaya. Seremala alikaa, akaacha kiti kimoja katikati. Hawakusalimiana.

Alipoitwa jukwaani, Mama Majoho alipanda ngazi mwenyewe. Picha yake ya shavu ilikuwa kwenye skrini, kubwa kuliko mlango.

"Nimeombwa nisimulie nilivyotoka majini," alisema. "Sikutoka, kwa sababu sikuingia. Niliingia mpaka kiunoni kushika pindo za wenzangu. Jina langu liliandikwa kabla, na mimi nikanyamaza miaka hamsini. Kwa kunyamaza nilipiga kura isiyokuwa yangu, na kwa kura hiyo mlimtoa mtu aliyebatizwa. Yuko pale, kwenye mstari wa mbele. Andikeni jina lake lilipokuwa. Na mimi nifuteni, mpaka mtakapokaa na kunipigia kura."

Kwa nukta chache kulikuwa kimya, kimya kile cha zamani. Akawatazama wauliza-maswali wake. Akangoja mtu mmoja asimame aseme, hebu tueleze vizuri.

Mtu mmoja akapiga makofi. Wote wakapiga makofi. Mpiga ngoma akatia mdundo mfupi, na mchungaji akapanda akamshika bega kwa upole wa kweli.

"Mnaona unyenyekevu wa wazee wetu?" alisema kwenye kipaza sauti. "Mpeni Bibi yetu sifa zake."

Aliposhuka, watu walinyoosha simu kumpiga picha. Seremala hakupiga makofi. Ndiye pekee mle ndani aliyekuwa amesikia. Mama Majoho alipokaa, aliongea bila kugeuza shingo.

"Barua umepeleka?"

"Nimepeleka."

"Wamejibu?"

"Bado."

"Umeacha nafasi ya tarehe?"

"Nimeacha."

Ikaja Meza ya Bwana. Shemasi kijana alipita na sinia la vipande vya mkate, akaanzia kwa Mama Majoho, kama ilivyostahili siku yake. Alilipokea sinia kwa mikono miwili. Kwa miaka hamsini alikuwa amechukua kipande bila kukitazama; leo alivitazama vyote. Kisha akalisogeza juu ya kiti kitupu, kwa shemeji yake.

Seremala aliinua mkono kuvua kofia aliyokuwa ameshaivua mlangoni. Mkono ukapapasa kichwa kitupu, ukashuka. Alichukua kipande kidogo kuliko vyote kwa vidole vyake vya gundi, akakifunika kwa kiganja kama mtu anayekinga njiti ya kiberiti na upepo.

Shemasi aliona Bibi hana kitu mkononi. Akarudi, akainama sikioni pake, akasema kwa sauti ya kumwonea huruma mzee.

"Bibi, umesahau kuchukua."

"Sijasahau, baba," alisema Mama Majoho. "Peleka mbele, watu wanangoja."